Anayeanguka Kiwanjani Si Mtoto Peke Yake

Kila inapokaribia sikukuu ya Idi, wazazi wa Tanga huanza kuulizana swali lile lile: pembea za mwaka huu ni imara? Ni swali la haki kabisa, kwa sababu anayepandishwa juu ni mtoto, na mzazi hana namna ya kuikagua minyororo wala bolti kwa macho yake. Wenye viwanja vya michezo ya watoto nao hulijibu kwa bidii, hasa siku zenyewe za sikukuu zinapofika, watoto wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni wakiwa wamevaa nguo mpya na kushika pesa zao za Idi mkononi. Vyuma hupakwa grisi, kamba za mkonge zilizochakaa hubadilishwa, na fundi huonekana akigongagonga nguzo kwa nyundo ili kila mtu aone kwamba kazi inafanyika.

Swali ambalo sijawahi kulisikia ni la upande wa pili. Kijana anayesukuma pembea kutwa nzima, binti anayekatisha tiketi, mama anayefagia chini ya farasi wa kuzunguka na mzee anayelinda jenereta, wao wanapita wapi? Nimefanya kazi katika viwanja vya michezo ya watoto hapa Tanga kwa miaka, kwanza dirishani kwenye tiketi, baadaye nikiwa msimamizi wa zamu, na majeraha niliyoyaona kwa wafanyakazi wenzangu karibu yote hayakutokana na chuma kukatika. Yalitokana na kujikwaa, kuteleza na kuanguka, mara nyingi kwenye ardhi tambarare, au kutoka kwenye ngazi fupi ya vipandio vitatu ambayo hakuna mtu aliyeihesabu kuwa ni hatari.

Jambo hili si la Tanga peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwamo nchi kama yetu. Katika vifo vya ajali zisizokusudiwa, kuanguka kunashika nafasi ya pili baada ya ajali za barabarani. Nchini Uingereza, ambako waajiri wanalazimika kuripoti majeraha ya kazini, kuteleza, kujikwaa na kuanguka palepale mtu aliposimama huchukua takribani theluthi moja ya majeraha yasiyoua yanayoripotiwa, kuliko sababu nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu anayelichukulia jambo hili kuwa dogo kwa sababu tu aliyeanguka ameinuka, akajifuta vumbi na kurudi kazini, anapuuza ajali iliyo ya kawaida kuliko zote mahali pa kazi.

Ni vizuri kuelewa kwanza mwili unavyoanguka, kwa sababu hapo ndipo lawama nyingi zisizo na msingi huanzia. Mtu anapotembea kawaida, ncha ya mguu unaopelekwa mbele hupita juu ya ardhi kwa nafasi ndogo sana, takribani sentimita moja hadi mbili. Hatuinui miguu kama askari wa gwaride. Mwili huokoa nguvu kwa kuupitisha mguu karibu kabisa na ardhi, ukiamini kwamba hatua inayofuata itakuwa sawa na iliyopita. Ubao ulionyanyuka sentimita mbili, kichwa cha msumari, waya uliolazwa njiani, ukingo wa zege uliopasuka, vyote hivyo vinatosha kuuzuia mguu huku kiwiliwili kikiendelea mbele. Anayejikwaa huangukia mikono, magoti na uso. Anayeteleza mambo yake ni kinyume: mguu humkimbia, naye huangukia matako, nyonga au kisogo. Yote huisha ndani ya nusu sekunde hivi au zaidi kidogo, muda usiomtosha mtu kufikiri, sembuse kuchagua namna nzuri ya kuanguka.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kukisema. Katika kiwanja kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, jenereta lilikuwa nyuma, karibu na ukuta, na waya wa kupeleka umeme kwenye jumba la upepo la kurukia watoto ulikatiza njia wanayopita wafanyakazi kutoka dirisha la tiketi kwenda stoo. Wageni walikuwa hawapiti pale. Waya ulikuwa mnene, wa rangi nyeusi, na ili watu wasiukanyage mtu fulani mwenye nia njema alikuwa ameufunika kwa gunia. Kwa wiki ya kwanza gunia lilikuwa limelala vizuri. Baadaye lilianza kujikunja pembeni, likafanya tuta dogo la rangi ileile ya mchanga, na waya ndani yake ukawa haukai mahali pamoja, kwa sababu kila aliyepita aliusogeza kidogo kwa mguu.

Jioni moja ya sikukuu, taa zikiwa zimewashwa upande wa wageni tu, dada mmoja wa tiketi alitoka dirishani akiwa amebeba kreti ya soda kifuani. Kreti ilimziba macho asione miguu yake. Alikuwa ametoka kwenye mwanga mkali wa balbu za dirishani na kuingia gizani, na macho ya binadamu huhitaji dakika kadhaa kabla hayajaanza kuona vizuri katika giza; kuzoea kikamilifu huchukua hata nusu saa. Alikuwa amevaa kandambili. Mguu uliingia kwenye mkunjo wa gunia, kandambili ikabaki nyuma, kreti ikaenda mbele na yeye juu yake. Aliweka mkono wa kulia chini ili asiangukie chupa.

Mzee wa jenereta ndiye aliyemfikia wa kwanza. "Pole mwanangu, pole sana. Umeumia wapi?" Dada yule akajibu, "Sijaumia, mzee, ni mkono tu." Muda si mrefu akaja mwenye zamu, na neno lake la kwanza likawa: "Binti, si uangalie unapokanyaga?" Sauti haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayesema jambo ambalo kila mmoja analikubali. Na hata yeye mwenyewe aliyeanguka aliitikia, "Ni kweli, nilikuwa na haraka."

Sentensi ile ya mwenye zamu nimeisikia mara nyingi, katika viwanja tofauti, na naichukia. Naichukia kwa sababu inafunga mjadala kabla haujaanza. Tukisema mtu hakuangalia, basi hakuna sababu ya kuuliza ni nani aliyepitisha waya njiani, ni nani aliyeamua kwamba gunia linatosha, kwa nini upande wa wafanyakazi hauna taa, au kwa nini mtu mmoja anabeba kreti peke yake wakati mkokoteni upo umeegeshwa. Mkono wa dada yule uliteguka na kuvunjika kifundo, akafungwa hogo, akakaa nyumbani bila malipo, na waya ukaendelea kupita palepale hadi sikukuu ikaisha. Hakuna mahali popote tukio lile lilipoandikwa.

Katika sheria za Marekani zinazohusu sehemu za kutembelea na kufanyia kazi, zilizoanza kutumika kwa sura yake mpya Januari 2017, lipo sharti ninaloliona la busara sana: mwajiri azikague sehemu hizo mara kwa mara, na hatari ikionekana irekebishwe kabla mfanyakazi hajaitumia tena sehemu ile, kama haiwezekani kurekebisha papo hapo, basi pawekwe kizuizi mpaka itakaporekebishwa. Sharti hilo halianzi kwa kumuuliza aliyeanguka alikuwa akitazama wapi. Linaanza na ardhi yenyewe.

Sasa niitembee ardhi ya kiwanja cha michezo jinsi ninavyoijua.

Majumba ya upepo ndiyo yanayopendwa zaidi na watoto siku hizi, na ndiyo yenye mitego mingi kwa anayeyahudumia. Yanashikiliwa kwa kamba zinazovutwa hadi kwenye vigingi vilivyochomekwa ardhini. Sisi tunaokaa pwani tunajua kusi likivuma kutoka baharini mchana, jumba lisiloshikiliwa vizuri linaweza kunyanyuka, kwa hiyo kamba haziwezi kupunguzwa. Nchini Uingereza kikomo cha kawaida cha kuyatumia majumba hayo ni upepo wa takribani kilomita 38 kwa saa, na hapo yawe yamefungwa barabara. Tatizo ni kwamba kamba hizo hupita katika kimo cha muundi wa mguu, mara nyingi zikiwa za rangi ya udongo, na nyuma ya jumba, ambako wageni hawafiki, ndiko kijana hukimbilia kuangalia feni inapozimika. Na feni ikizimika lazima akimbie, maana watoto wamo ndani. Nimeona vigingi vilivyoachwa vimechomoza nusu futi kutoka ardhini kwa sababu aliyevipigilia alitaka kuving'oa kirahisi jioni. Kigingi kinaweza kupigiliwa hadi kichwa chake kilingane na udongo, na kamba inaweza kufungwa vipande vya kanga kuukuu vyenye rangi kali. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na vipande vya kanga havikosekani katika nyumba yoyote ya Tanga.

Farasi wa kuzunguka wana hatari nyingine, na hii inafichwa na jinsi wanavyoonekana kwenda polepole. Chukua jukwaa lenye kipenyo cha mita 6 linalozunguka mara 6 kwa dakika. Ukingo wake unasafiri karibu mita 1.9 kwa sekunde, wakati mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Mfanyakazi anayerukia jukwaa likiwa linazunguka ili akusanye tiketi, au anayeshuka kabla halijasimama ili awahi kumpokea mtoto anayelia, anashusha mguu kwenye ardhi iliyotulia huku mwili wake ukiwa bado na mwendo wa jukwaa. Vijana hulifanya jambo hili kwa ustadi unaopendeza, mara mia kwa siku, na ustadi huo ndio unaoifanya hatari ionekane kama sehemu ya burudani. Kisha siku moja mchanga umemwagika ukingoni, au kijana amechoka tu. Dawa yake ni moja na inajulikana: tiketi zikusanywe kabla jukwaa halijaanza kuzunguka, na hakuna anayepanda wala kushuka mpaka lisimame. Inapunguza mizunguko michache kwa siku, na ndiyo maana mwenye kiwanja ndiye anayepaswa kuiamuru. Kijana anayelipwa kwa kufurahisha msimamizi wake hawezi kuiamua peke yake.

Chumvi ya bahari nayo ina mkono wake. Vipandio vya ngazi za chuma na mabamba ya kukanyagia kwenye viwanja vilivyo karibu na bahari huoza kuanzia kwenye maungio. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, kwa hiyo huvimba na kulisukuma bamba juu, na ukingo uliokuwa umelala sawasawa hunyanyuka taratibu mpaka unafika ile sentimita moja au mbili niliyoitaja. Anayepita pale kila siku haoni mabadiliko, kwa kuwa ni madogo mno kwa siku. Mtu wa kuliona bamba lile ni yule anayeinama na kulipitishia kiganja, akiwa na kazi hiyo hasa. Nilimwona fundi mmoja mtu mzima, mwenye asili ya ufundi wa majahazi, akikagua ngazi za bembea kwa namna hiyo: anapiga goti, anapitisha kiganja kwenye kila kipandio kutoka kushoto kwenda kulia, kisha anagonga kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Palipotoa mlio mzito alitia alama ya chaki. Katika ngazi zile alipata pia kwamba kipandio cha juu kabisa kilikuwa kifupi kuliko vingine, jambo linaloangusha watu wengi, kwa sababu mguu huzoea kimo cha vipandio viwili vya kwanza na kukitarajia kimo hicho hicho kwenye cha tatu.

Kuteleza sitakuzungumzia kwa kirefu, ingawa hutokea sana. Mafuta ya wakaanga chipsi na mihogo, maji ya barafu ya wauza juisi, na mchanga mkavu uliotapakaa juu ya zege laini, ambao huviringika chini ya soli: haya yote yanaonekana, na ufagio, majivu au maji ya sabuni vinayaondoa. Ninalotaka liangaliwe ni mpangilio. Wakaanga chipsi wakiwekwa kwenye njia ya wafanyakazi kwa sababu upande wa wageni umejaa, mafuta yatadondoka njiani kila siku, na hakuna kiasi cha kufagia kitakachotosha.

Viatu vinastahili neno. Wengi wa vijana wa viwanjani hufanya kazi kwa kandambili au peku. Sababu ni joto, na sababu nyingine ni pesa. Kandambili haishiki kisigino, soli yake hujikunja mbele na kunasa kwenye kitu kidogo kabisa, na inapolowa mguu huteleza ndani yake. Raba za mtumba zenye soli isiyolika zinatosha kwa kazi hii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 imeweka juu ya mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake kazini, pamoja na kuwapa vifaa vya kujikinga inapobidi, na mimi naona aibu ninapomsikia mwenye kiwanja akisema kiatu ni juu ya kijana mwenyewe, ilhali fulana yenye nembo ya kiwanja ameinunua yeye.

Na kuna haraka. Watu wasiofanya kazi hii hudhani haraka ni tabia ya mtu. Kiwanjani haraka imepangwa. Foleni ni ndefu, jua linazama, wageni wataondoka baada ya Isha, na mapato ya sikukuu mbili za Idi ndiyo yanayobeba miezi ya masika isiyo na mapato, ambapo mvua hufunga kiwanja. Kwa hiyo siku zenye watu wengi zaidi ndizo siku ambazo nyaya za muda huongezwa, vibanda vya muda husimamishwa, na vibarua wapya huitwa asubuhi na kuanza kazi asubuhi ileile, bila mtu kuwatembeza na kuwaonyesha: hapa pana kigingi, hapa pana shimo, huku usipite usiku. Watu walioizoea ardhi na watu walioingia leo huwekwa kwenye zamu moja, na wapya ndio wanaotumwa mbio, kwa sababu ni wadogo kwa umri. Kijana hawezi kumjibu mkubwa wake, "Shikamoo kaka, subiri kwanza nipajue." Ataitikia "ndiyo kaka" na kukimbia. Mwendo wa robo saa kuzunguka kiwanja pamoja na vibarua wapya, kabla ya lango kufunguliwa, ungewaokoa wengi.

Mtu akishaanguka, mambo mawili huharibika upesi: mwili wake na haki yake.

Kwa upande wa mwili, desturi yetu ya kukanda ina nafasi yake, lakini kifundo cha mkono kilichoangukiwa kisikandwe kabla hakijapigwa picha. Mtu anayeangukia kiganja huweza kuvunja mfupa wa mkono karibu na kifundo, au kupasua kifupa kidogo kilichopo chini ya kidole gumba. Kifupa hicho kina hila: ufa wake huweza usionekane kwenye eksirei ya siku ya kwanza, na maumivu yake si makali sana, hivyo mtu huambiwa ameteguka tu. Maumivu yakibaki kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, daktari huutuliza mkono kana kwamba umevunjika na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Kifupa kisipounga, mkono hupoteza nguvu ya kushika, na mkono usioweza kushika hauwezi kusukuma pembea. Aliyeangukia kisogo naye asiachwe alale peke yake stoo eti apumzike. Akitapika, akisinzia kupita kawaida au akizungumza mambo yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa upande wa haki, hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana nayo, ambao waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Kiwango cha sekta binafsi kilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na tangu mwaka 2022 ni asilimia 0.5. Tuchukue kibarua anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Ujira wake ni shilingi 260,000, na mchango wa mwajiri kwa ajili yake kwenye Mfuko ni shilingi 1,300 kwa mwezi mzima, pesa ambayo takribani ndiyo anayolipwa bodaboda kwa kumkimbiza majeruhi hospitalini mara moja.

Kwa mchango huo, mfanyakazi aliyeumia kazini hugharimiwa matibabu, na akishindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Muhimu kuliko yote kwa habari yetu ya leo, fidia hii haitegemei kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Mfanyakazi hahitaji kushinda ubishi wa nani alipaswa kuangalia wapi. Inatosha kwamba ameumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake na akiwa kazini. Ile sentensi ya "si uangalie unapokanyaga" haina nguvu yoyote mbele ya sheria hii, isipokuwa kwamba inamfanya aliyeumia aone haya kudai.

Wengi huamini kwamba kibarua hahusiki. Sheria inamtambua mfanyakazi kuwa ni mtu aliye kwenye mkataba wa kazi, uwe wa maandishi au wa maneno, alipwe kwa muda au kwa kazi aliyoifanya. Binti aliyeambiwa "njoo siku za Idi ukatishe tiketi, nitakulipa kwa siku" yumo. Lakini ataingiaje kwenye hesabu za Mfuko ikiwa jina lake halikuandikwa popote, na ikiwa kuanguka kwake kulifutwa pamoja na vumbi la gauni lake? Mwajiri anapaswa kuitaarifu ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari, na mfanyakazi asiyeitoa taarifa kabisa ndani ya miezi 12 anaweza kupoteza haki yake. Mkono unaouma kidogo leo na kugundulika umevunjika baada ya wiki tatu unahitaji kuwa umeandikwa tangu leo.

Nimewahi kuambiwa kwamba kuandika kila anayejikwaa ni kutafuta ugomvi na wakaguzi wa OSHA, wakala wetu wa usalama na afya mahali pa kazi. Siamini hivyo. Daftari lenye mistari minne, likionyesha kwamba watu watatu walijikwaa nyuma ya jumba la upepo kati ya Magharibi na Isha, humwambia mwenye kiwanja mahali pa kuweka taa kwa uhakika kuliko mkutano wowote. Kiwanja kimoja ninachokijua kilipandisha nyaya zote juu ya nguzo za miti, kimo cha kupita mtu aliyebeba mzigo kichwani, na kuwasha balbu mbili upande wa stoo. Gharama ilikuwa ya nguzo, misumari na siku moja ya fundi umeme. Mabango ya kuwahimiza wafanyakazi wawe waangalifu sina shida nayo, ila yawekwe baada ya kazi hiyo. Yakitangulia huwa ni namna nyingine ya kumlaumu atakayeanguka.

Kwa wenzangu mlio viwanjani, na hasa ninyi mnaosimamia zamu sikukuu hii: majina ya vibarua wote, hata wa siku moja, yaandikwe kabla lango halijafunguliwa, pamoja na namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja. Mtu akianguka, aandikwe saa, mahali, alichokuwa amebeba, alichokuwa amevaa miguuni na waliomwona. Akifika hospitali aseme wazi kwamba ameumia kazini, na maneno hayo yaingie kwenye cheti chake. Nakala abaki nayo yeye mwenyewe. Mahali alipoangukia papigwe picha kwa simu papo hapo, kabla ya mtu yeyote kuuhamisha waya au kulikunjua gunia.